Mfamasia wa Kliniki ya Wagonjwa wa Nje: Amesomea Nini, na Wewe Umwulize Nini

Maelezo haya yalitolewa mbele ya wananchi katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Yamechapwa katika kijitabu hiki kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba kuyapata kwa maandishi.



Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe katika Bunge la nchi yake akitaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua, na haki ya kusikilizwa. Ndiyo asili ya siku tunayoiadhimisha leo. Kila mwaka katika siku hii tumezoea kuzungumzia mizani za sokoni, bidhaa zilizopitwa na muda na bei zisizoonyeshwa. Leo nimeombwa nizungumzie bidhaa moja ambayo mnunuzi wake hana mizani ya kuipimia, nayo ni dawa.

Anayenunua nyanya huziangalia, huzibonyeza kidogo, akizikataa huenda meza ya pili. Anayenunua kitambaa hukivuta na kukitazama kwenye mwanga. Anayepokea dawa hana njia hiyo. Kidonge cheupe cha presha na kidonge cheupe cha sukari vinaweza kufanana kama mapacha. Hujui kama kiasi ulichopewa kinakufaa, wala hujui kama kinapatana na dawa nyingine uliyonayo nyumbani. Kwa hiyo haki yako ya usalama na haki yako ya kupewa taarifa zote mbili zimo mikononi mwa mtu aliye upande wa pili wa dirisha. Ni haki yako kumjua mtu huyo: amesomea nini, kwa muda gani, na unaweza kumtaka akufanyie nini.

Nitazungumza hasa juu ya mfamasia aliyeendelea na mafunzo ya juu ya kuwahudumia wagonjwa wa nje, yaani wale wanaokuja kliniki, wakapata huduma, kisha wakarudi makwao siku hiyohiyo. Wagonjwa hao ndio sisi wengi. Aliyelazwa wodini hupewa dawa na muuguzi na kuangaliwa usiku na mchana. Wa nje anaondoka na mfuko wake, na kuanzia hapo yeye mwenyewe ndiye muuguzi, ndiye mtunza stoo, ndiye mtunza saa.

KISA CHA MIFUKO MITATU

Niruhusuni nianze na jambo lililotokea nyumbani kwetu. Mjomba wangu ana shinikizo la juu la damu kwa miaka mingi. Katika kituo kimoja alipewa dawa iitwayo amlodipine, milligramu 10, kidonge kimoja kila siku. Miezi michache baadaye alisafiri, dawa zikamwishia, akaenda kituo kingine. Huko aliandikiwa dawa ya presha, akauziwa boksi lenye jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Jina halisi la dawa lilikuwa chini yake, kwa herufi ndogo ambazo macho ya mzee hayazisomi. Dawa ilikuwa ileile, na kiasi kilekile. Aliporudi nyumbani alinunua tena ile ya kwanza, akawa anameza zote mbili, akiamini kwamba ana dawa mbili tofauti na kwamba sasa anatibiwa vizuri zaidi.

Milligramu 10 kwa siku ndicho kiasi cha juu cha dawa hiyo kwa mtu mzima. Mjomba alikuwa anameza 20. Miguu ikaanza kuvimba, jambo linalojulikana kwa dawa hiyo na ambalo huongezeka kadiri kiasi kinavyoongezeka. Akaenda kituo cha tatu kulalamikia miguu. Akapewa dawa ya kuongeza mkojo. Uvimbe haukuisha, kwa sababu haukutokana na maji kuzidi mwilini, bali dawa ya presha yenyewe. Badala yake akawa anaamka mara tatu au nne usiku, huku presha imeshuka na kichwa kinazunguka. Usiku mmoja alianguka mlangoni pa choo, akavunjika mkono.

Ndugu zangu, katika kisa hiki simtafuti mkosaji. Kila mmoja aliyemhudumia aliona kipande kimoja tu cha habari. Aliyekusanya vipande hivyo ni mfamasia mmoja kijana aliyekuwa katika kliniki ya wagonjwa wa nje, ambako mjomba alipelekwa baada ya kufungwa plasta ngumu. Alimwamkia, akamkaribisha kiti, kisha akasema, "Mzee, naomba uniletee dawa zote ulizonazo nyumbani. Zote kabisa, hata za mitishamba, hata ulizoazima kwa jirani." Mjomba alileta mifuko mitatu. Yule binti aliimwaga mezani, akapanga maboksi kwa jina halisi la kila dawa, si kwa jina la boksi. Haikupita dakika kumi, akamwonyesha mjomba kwamba maboksi mawili ni dawa moja. Akaenda kwa daktari, wakazungumza, daktari akapunguza dawa ya presha hadi kiasi kinachofaa na kuondoa ile ya mkojo. Baada ya wiki chache miguu ilikuwa imerudi katika hali yake.

Nilipomwuliza alijifunza wapi kufanya kazi ile, alinijibu kwamba shahada ya kwanza ilimfundisha dawa, na masomo ya juu yakamfundisha kukaa na mgonjwa. Jibu hilo ndilo lililonifanya nichague mada ya leo.

NGAZI ZA ELIMU YA FAMASI

Katika nchi yetu si kila aliyevaa koti jeupe dirishani ni mfamasia. Katika duka la dawa muhimu utamkuta mtoa dawa, aliyepata mafunzo maalumu ya kazi hiyo. Maduka hayo yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha yakaenea nchini, na yameruhusiwa kuuza dawa zilizo katika orodha maalumu tu. Katika zahanati na vituo vya afya unaweza kumkuta mteknolojia wa dawa. Katika famasi kubwa na hospitali yupo mfamasia: huyu amesoma chuo kikuu miaka 4, akafanya utarajali wa mwaka 1 chini ya usimamizi, ndipo akasajiliwa na Baraza la Famasi.

Wote hawa wana nafasi yao, na mwananchi asimdharau yeyote kati yao. Lakini ni vyema kujua kwamba shahada ya kwanza ya famasi inagusa mambo mengi sana: namna dawa inavyotengenezwa kiwandani, kemia yake, uhifadhi wake, sheria zake, na namna inavyofanya kazi mwilini. Mhitimu anaweza kwenda kiwandani, bohari, maabara, dukani au hospitalini. Anayetaka kukaa na mgonjwa wa kisukari mwezi baada ya mwezi na kuongoza matibabu yake kwa pamoja na daktari anahitaji mafunzo zaidi. Vyuo vyetu vimelitambua hilo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili katika famasi ya hospitali na tiba, na kwa majirani zetu Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa shahada ya uzamili katika famasi ya tiba.

MAFUNZO YA UBINGWA YANAVYOENDESHWA MAREKANI

Nchi ambayo imeuendeleza kwa kirefu utaratibu wa kumfunza mfamasia kazini ni Marekani, na inafaa tuutazame ili tujue mafunzo ya namna hii yanadai nini kwa mtu.

Huko mfamasia husoma shahada ya Udaktari wa Famasi, kisha hufanya mitihani ya leseni. Akishapata leseni anaweza kuanza kazi dukani siku inayofuata, na wengi hufanya hivyo. Sheria haimlazimishi kuendelea. Lakini anayetaka kazi ya kliniki huomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa kazini, ambayo hushindaniwa. Mwaka wa kwanza ni wa jumla: huzunguka wodi na idara mbalimbali chini ya wafamasia wazoefu ambao ni walezi wake. Mwaka wa pili ni wa fani moja aliyoichagua. Wapo wanaochagua saratani, wapo wanaochagua wagonjwa mahututi, na wapo wanaochagua huduma kwa wagonjwa wa nje. Kwa miaka hiyo hulipwa posho iliyo chini ya mshahara ambao angeupata dukani. Programu hizo hukaguliwa na chama cha kitaifa cha wafamasia wa mifumo ya afya, ambacho kilianza kuweka viwango vya ukaguzi wa mafunzo hayo katika miaka ya 1960. Akimaliza, anaweza kufanya mtihani wa bodi ya ubingwa na kutambuliwa rasmi kuwa bingwa wa huduma kwa wagonjwa wa nje.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mwaka huo wa pili hafundishwi majina mapya ya dawa. Anafundishwa kubeba dhamana ya mgonjwa yuleyule kwa muda mrefu. Anakuwa na wagonjwa wake. Anawaona leo, anawapigia simu baada ya wiki, anawaona tena mwezi ujao, na mlezi wake anamwuliza: "Presha ya yule mama uliyemwongezea dawa imefika wapi?" Akikosea, kosa linarudi mbele yake likiwa na sura na jina. Anayekabidhi dawa dirishani na kuagana na mgonjwa hapati nafasi ya kuyaona matokeo ya kazi yake.

Katika majimbo karibu yote ya nchi hiyo sheria inaruhusu mkataba wa ushirikiano kati ya daktari na mfamasia. Daktari akishatambua ugonjwa, mkataba humruhusu mfamasia kuongeza au kupunguza dozi na kuagiza vipimo, ndani ya mipaka iliyoandikwa. Mfamasia hatambui ugonjwa upya, wala hachukui nafasi ya daktari.

ANAYOJIFUNZA KWA VITENDO

Nitaje mambo manne ambayo mfamasia wa wagonjwa wa nje hujifunza, na ambayo yanatugusa sisi moja kwa moja.

Kwanza, dawa za kuzuia damu kuganda. Iko dawa iitwayo warfarin, inayotumiwa na watu waliowekewa vali bandia za moyo na baadhi ya wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Dawa hii haina mzaha. Kipimo chake huitwa INR. Kwa mtu asiyetumia dawa hiyo kipimo huwa karibu na 1, na kwa wengi wanaoitumia hukusudiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Kikipanda sana, mtu anaweza kutokwa na damu ndani ya mwili bila kujua. Dawa ya kawaida kama metronidazole au co-trimoxazole, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya tumbo au maambukizi, inaweza kukipandisha. Mchicha, kisamvu na matembele, kwa kuwa vina vitamini K nyingi, vinaweza kukishusha. Mfamasia aliyefunzwa vizuri hamkatazi mgonjwa kula mboga. Humwelekeza ale kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, ili dawa ipimwe kulingana na chakula chake halisi. Huko Eldoret nchini Kenya, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ilianzishwa kliniki ya dawa hizi inayoendeshwa na wafamasia, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Huduma hii, basi, si ya ng'ambo pekee.

Pili, kisukari. Mfamasia hujifunza kuuliza maisha ya mgonjwa kabla ya kuuliza dozi. Unakula saa ngapi? Unafunga Ramadhani? Anayemeza glibenclamide na kufunga kutwa nzima bila kubadilishiwa utaratibu anaweza kushukiwa na sukari hadi akazimia, kwa hiyo mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mwezi kuandama. Insulini unaitunza wapi? Asiye na jokofu anaweza kufundishwa kutumia chombo cha udongo chenye ubaridi wa maji, mahali penye kivuli. Na kabla ya kusema kwamba dawa haifanyi kazi, mfamasia humwomba mgonjwa ajidunge mbele yake. Mara nyingi tatizo ni namna ya kudunga.

Tatu, magonjwa mawili au matatu kwa mtu mmoja. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na mwanamke asipoambiwa anaweza kupata mimba asiyoitarajia. Dolutegravir, inayotumika kwa wanaoishi na VVU, huongeza kiasi cha metformin katika damu, hivyo dozi ya metformin hupaswa kuangaliwa upya. Dolutegravir hiyohiyo ikimezwa pamoja na baadhi ya dawa za kiungulia, au na vidonge vya madini ya chuma bila chakula, huweza kushindwa kufyonzwa vizuri. Mtu mmoja huenda kliniki mbili tofauti, kwa siku tofauti, akiwa na kadi mbili. Mahali pekee ambapo dawa zote hukutana ni mwilini mwake, isipokuwa yupo mtu aliyejipa kazi ya kuzikutanisha mapema zaidi, mezani.

Nne, kusikiliza. Mfamasia huyu hufundishwa kutouliza, "Unameza dawa vizuri?" kwa sababu jibu la swali hilo hujulikana: "Ndiyo." Hufundishwa kuuliza, "Wiki iliyopita ni siku ngapi ulishindwa kumeza, na nini kilikuzuia?" Hapo ndipo husikika ukweli. Huyu hakuwa na nauli ya kufuata dawa, yule dawa inamfanya akojoe akiwa ndani ya daladala, mwingine ameambiwa na shoga yake kwamba dawa za presha ukianza hutaacha, basi ameona bora asianze.

JE, FAIDA YAKE IMEPIMWA?

Mlaji mwerevu hauliza tu huduma ni nini, huuliza pia ushahidi uko wapi. Nitaje mifano miwili.

Katikati ya miaka ya 1990, mji wa Asheville katika jimbo la North Carolina uliamua kuwalipa wafamasia wa maduka ya kawaida ili wakae na watumishi wa mji wenye kisukari, wawafundishe na kuwafuatilia. Watumishi walioshiriki walipunguziwa mzigo wa kulipia dawa. Viwango vya sukari vya wengi viliboreka. Fedha zilizotumika kwa dawa ziliongezeka, maana watu sasa walizimeza kweli, lakini gharama za matibabu kwa jumla zilipungua.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2018, kutoka Los Angeles. Watafiti walijua kwamba wanaume weusi wa Marekani wenye presha wengi hawafiki kliniki, ila kwa kinyozi hawakosi. Wakawapeleka wafamasia waliofunzwa kutibu presha ndani ya saluni za vinyozi. Utafiti ulihusisha wanaume 319 katika saluni 52. Katika saluni nyingine kinyozi alimhimiza mteja aende kwa daktari. Katika nyingine mfamasia alimpima papo hapo na kumwandikia dawa kwa makubaliano na daktari wake. Baada ya miezi 6, presha ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 27 kwa waliohudumiwa na mfamasia, na pointi 9 hivi kwa wale waliohimizwa tu. Himizo lilisaidia, ila mtu aliyefunzwa na aliyepewa mamlaka ya kutenda alisaidia zaidi, karibu mara tatu.

HALI ILIVYO KWETU, NA MIPAKA YAKE

Sitawadanganya, ndugu zangu. Ukiondoka hapa kwenda katika kituo kilicho karibu nawe, huenda usimkute mfamasia mwenye mafunzo haya ya juu. Waliopo ni wachache na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Foleni ni ndefu, na aliye dirishani ana watu wengi nyuma yako. Aidha, mfamasia, hata awe bingwa, hapaswi kukutambulia ugonjwa kwa kukutazama usoni, wala kukuuzia dawa ya cheti bila cheti. Anayefanya hivyo kwa haraka na kwa tabasamu hakufanyii hisani.

Hata hivyo, uchache wao usitufanye tukae kimya. Sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya yule binti kwa mjomba wangu haikuhitaji mashine. Ilihitaji mifuko yote iwe mezani, na mtu anayejua kusoma majina halisi. Mfamasia yeyote aliyesajiliwa anaweza kuianza kazi hiyo, na anaweza kuianza kesho, iwapo wewe utamletea mifuko. Elimu ya juu ya mfamasia haina faida kwa mgonjwa aliyeficha nusu ya dawa zake nyumbani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, nasi leo tunaweza kusema hivyohivyo kwa anayeficha dawa.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu ayashike haya.

1. Uendapo kliniki, beba dawa zako zote katika maboksi yake, pamoja na vitamini, dawa za mitishamba na ulizonunua dukani bila cheti. Usibebe orodha ya kichwani.

2. Jifunze jina halisi la kila dawa unayotumia. Jina la kibiashara hubadilika kwa kila kiwanda, jina halisi halibadiliki. Kama macho hayaoni, mwombe mjukuu akuandikie kwa herufi kubwa.

3. Tumia famasi moja kadiri uwezavyo, ili pawepo mtu anayekumbuka ulichochukua mwezi uliopita.

4. Usiache dawa ya presha, kisukari, moyo au VVU kwa sababu ya madhara uliyoyaona kabla ya kuzungumza na mtaalamu. Lakini kuzungumza kwenyewe usikucheleweshe.

5. Ukipata madhara unayodhani yametokana na dawa, toa taarifa katika kituo ulichohudumiwa au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa ya mwananchi mmoja inaweza kuwalinda wengine wasiomfahamu.

MASWALI YA KUMWULIZA MFAMASIA

Wapo wanaoogopa kuuliza wakidhani watamkera mtaalamu. Kuuliza si ujinga, na kwa upande wa sheria na maadili ya taaluma yake, kukujibu ni sehemu ya kazi yake. Maswali yenyewe ni mepesi:

Je, wewe ni mfamasia, au yupo mfamasia ninayeweza kuzungumza naye?

Dawa hii jina lake halisi ni lipi, na inatibu nini kwangu mimi?

Je, inapatana na hizi nyingine nilizo nazo? Tafadhali zitazame.

Niimeze saa ngapi, kabla au baada ya kula, na nikisahau nifanye nini?

Nitajuaje kwamba inafanya kazi, na nitajuaje kwamba inanidhuru?

Ipo miongoni mwa dawa zangu ambayo sihitaji tena? Kama ipo, nani atazungumza na daktari?

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo mjomba wangu hakuwahi kuliuliza. Alipofunguliwa plasta alikwenda kumshukuru yule mfamasia, akamkuta ana mgonjwa mwingine na meza imejaa maboksi. Akasubiri kwenye benchi hadi zamu ikaisha. Alichomwambia ni kifupi: "Binti yangu, umri wote huu nilidhani ninyi kazi yenu ni kuhesabu vidonge." Naye akamjibu, "Hata hesabu yenyewe, mzee, tunaihitaji. Yako ilikuwa imezidi kimoja."

Ndugu wananchi, haki ya mlaji wa dawa haiishii katika kupewa dawa isiyo bandia na isiyopitwa na muda. Inafika hadi katika kupata mtu aliyefunzwa, mwenye muda wa kukusikiliza na ujuzi wa kukuelekeza. Tuendelee kuwadai wanaohusika waongeze watu hao na mafunzo yao. Na wakati tunadai, tuanze na lililo mikononi mwetu: usiku wa leo, kila mmoja akifika nyumbani, akusanye dawa zote za nyumba hiyo mezani, ayasome majina halisi, na ayaandike katika karatasi moja atakayokwenda nayo kliniki.